Sura ya Sita: Chavua ya Jana, Upepo wa Kesho

Jumatatu ya tarehe 21 Novemba 2016, jiji la Melbourne, kusini mwa Australia, lilishinda kwenye joto la nyuzi 35. Upepo ulivuma kutoka kaskazini, mkavu, ukipita kwenye nyanda za malisho kabla ya kuingia jijini. Jioni, watu wakirudi makwao, dhoruba ya radi ilitokea upande wa magharibi ikalivuka jiji. Mvua yenyewe haikuwa kubwa. Kilichodhuru kilitangulia mvua: upepo wa ghafla, wa baridi, ulioteremsha joto kwa nyuzi kumi hivi kwa muda mfupi na kujaza unyevunyevu hewani. Baada ya kutwa nzima ya jasho, wengi walifungua madirisha na kutoka nje kupunga upepo.

Muda si muda simu za dharura zikafurika. Vifua vilibana, pumzi ikatoka kwa mluzi, watu wakashindwa kumaliza sentensi moja. Magari ya wagonjwa yote yakawa barabarani, wito mpya ukawa unaingia na hakuna gari la kutuma. Familia zilipakia wagonjwa wao kwenye magari yao wenyewe na kukimbilia hospitali, na huko zikakuta kumbi zimejaa watu wenye hali ileile huku akiba ya salbutamoli, dawa ya kufungua njia ya hewa, ikipungua kwa kasi. Katika saa 30 kuanzia saa kumi na mbili jioni, idara za dharura za hospitali za umma zilipokea wagonjwa wa matatizo ya kupumua 3,365 zaidi ya idadi ya kawaida. Waliolazwa kwa pumu walizidi kiwango cha kawaida kwa 476. Watu 10 walikufa.

Hakukuwa na moto wa msitu, wala gesi iliyovuja kiwandani. Waliokufa waliuawa na maua ya nyasi.

Nyasi yenyewe ni raigrasi, iliyoletwa na walowezi kutoka Ulaya kwa ajili ya kulisha ng'ombe na kondoo. Ni malisho mazuri, na nyanda za jimbo la Victoria zimejaa nyasi hiyo upande wa kaskazini na magharibi mwa Melbourne. Ua lake halina rangi wala harufu ya kumvuta nyuki, kwa sababu halimhitaji. Linategemea upepo, na mmea unaotegemea upepo hulazimika kumwaga chavua kwa wingi wa kufuru ili chembe chache zifike zinakotakiwa. Nyingine zote huishia kwenye maji, barabarani, machoni na puani mwa watu. Mwaka 2016 majira ya machipuko yalikuwa na mvua nyingi, nyasi zikarefuka, na kufikia Novemba zilikuwa zimechanua kwa pamoja.

Hata hivyo chavua peke yake isingeweza kufanya yaliyotokea. Chembe moja ya chavua ya raigrasi ina kipenyo cha mikromita 35 hivi, na chembe ya ukubwa huo haifiki ndani ya mapafu. Hunaswa puani na kooni. Ndiyo maana mwenye mzio wa nyasi kwa kawaida hupiga chafya, macho yakamwasha na pua ikamchuruzika, kisha jioni akalala akiwa mchovu lakini mzima. Kitendawili cha madaktari kwa miaka mingi kilikuwa hiki: inakuwaje siku za radi watu walewale wa chafya wanapatwa na pumu kali?

Jibu lilianza kupatikana Melbourne kwenyewe. Mwaka 1992 kikundi cha watafiti, akiwemo Cenk Suphioglu na mtaalamu wa mimea Bruce Knox wa Chuo Kikuu cha Melbourne, kilieleza katika jarida la The Lancet kwamba chavua ya raigrasi ikilowa hupasuka, kama kunde zilizolowekwa zinavyovimba hadi kuchana ganda. Ndani ya kila chembe hutoka vipande vya wanga vipatavyo 700, kila kimoja kikiwa na ukubwa usiofika mikromita 3, na kila kimoja kimebeba protini ileile inayoamsha mzio. Vipande hivyo ni vidogo vya kutosha kushuka hadi kwenye matawi madogo kabisa ya njia ya hewa. Dhoruba hukamilisha kazi. Hewa inayopanda huinua chavua hadi kwenye unyevu wa wingu, na hewa baridi inayoporomoka kutoka wingu hilohilo huvirudisha vipande ardhini na kuvisambaza mitaani kwa kimo cha mdomo wa mtu. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu sehemu gani ya mpasuko hutokea juu winguni na ipi hutokea chini, na umeme wa radi unachangia kiasi gani. Kuhusu matokeo hawabishani.

Kinachouma katika habari hii ni kwamba onyo lilikuwepo. Melbourne ilikwisha kupatwa na pumu ya radi Novemba 1987, ikapatwa tena Novemba 1989 na Novemba 2010, japo kwa kiwango kidogo zaidi. London iliipata usiku wa tarehe 24 Juni 1994, ambapo watu 640 wenye pumu au maradhi mengine ya njia ya hewa walifika idara za dharura ndani ya saa 30, wakati waliotarajiwa walikuwa 66. Wagga Wagga, mji wa jimbo jirani la New South Wales, uliipata mwaka 1997. Elimu ilikuwepo, makala zilikuwepo, na chavua ilikuwa ikihesabiwa. Siku ile ya mwaka 2016 kipimo cha Melbourne kilizidi chembe 100 za chavua ya nyasi katika kila mita ya ujazo ya hewa, kiwango ambacho huko huitwa cha kupindukia. Namba ilikuwa sahihi, ila haikuunganishwa na wingu lililokuwa likija, wala na hospitali, wala na mtu aliyekuwa akifungua dirisha lake.

Ili kuelewa kwa nini namba haikutosha, inafaa tuangalie inavyopatikana.

Mwaka 1819 daktari wa Kiingereza John Bostock aliwasomea wenzake wa London maelezo ya ugonjwa uliokuwa ukimsumbua yeye mwenyewe kila Juni tangu utotoni: macho, pua, kifua. Alidhani ni joto la kiangazi. Aliyeitambua chavua ni Charles Blackley, daktari wa Manchester, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1873. Blackley aliipaka chavua kwenye ngozi yake iliyokwaruzwa, akaivuta puani, akatega vioo vyenye gundi nje kila siku na kuhesabu chembe zilizonasa. Kisha akarusha vioo hivyo angani kwa tiara na kukuta chavua ipo huko juu pia, mbali na shamba lolote. Namheshimu mtu huyu sana. Alikuwa mgonjwa na mpimaji kwa wakati mmoja, na njia yake ya gundi na jicho la hadubini bado ndiyo inayotumika.

Mtego ulioenea duniani leo ulibuniwa na J. M. Hirst mwaka 1952 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Ni kisanduku chenye usukani wa bati unaokielekeza upepo unakotoka. Hunyonya lita 10 za hewa kwa dakika, karibu sawa na pumzi ya mtu, kupitia kwenye upenyo mwembamba. Ndani kuna ngoma ndogo iliyozungushiwa utepe wenye gundi, inayosogea milimita 2 kwa saa. Kwa siku nzima mtego hupitisha mita za ujazo 14.4 za hewa. Asubuhi fundi huutoa utepe, huukata, huupaka rangi inayoifanya chavua iwe ya waridi, kisha huketi kwenye hadubini na kuhesabu: hii ya nyasi, hii ya mvinje, hii ya msonobari, hii mbegu ya kuvu. Ni kazi ya macho na subira, na hakuna anayeifanya vizuri bila mafunzo ya muda mrefu. Kuna mitambo mipya inayohesabu yenyewe, lakini hata hiyo hufundishwa kwa kazi ya watu hawa.

Tatizo liko wazi kwa yeyote aliyefuata maelezo hayo. Hesabu inayotangazwa asubuhi ni ya hewa ya jana. Mgonjwa anahitaji kujua ya leo alasiri.

Hapo ndipo utabiri unapoingia, na kwa Melbourne utabiri huo huanza na swali moja: upepo utatoka wapi? Jiji limekaa kwenye ghuba ya Port Phillip. Upepo wa kusini hutoka baharini, na bahari haioti nyasi, kwa hiyo siku hizo wenye mzio hupumua vizuri. Upepo wa kaskazini huvuka mamia ya kilomita za malisho, ukikausha maua na kukusanya chavua njiani. Siku moja inaweza kuwa na chembe 10, na siku inayofuata ikawa na 120, kwa sababu tu upepo umegeuka. Baada ya upepo watabiri huangalia joto na mvua, kwani mvua ya utulivu husafisha hewa. Kisha huja majira yenyewe: nyasi zimenyeshewa kiasi gani Agosti na Septemba, zimeanza kuchanua lini, zimekauka lini. Siku hizi picha za satelaiti huonyesha ukijani wa nyanda nzima na kusaidia kukadiria mwanzo na mwisho wa msimu, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Chuo Kikuu cha Melbourne kimekuwa kikitangaza hali ya chavua kwa ngazi nne zinazoeleweka na kila mtu: chini ya chembe 20 ni kidogo, 20 hadi 49 ni wastani, 50 hadi 99 ni nyingi, na kuanzia 100 ni ya kupindukia.

Baada ya vifo vya 2016, serikali ya Victoria ilijifunza kwa gharama kubwa. Kufikia Oktoba 2017 mfumo mpya wa kutabiri pumu ya radi ulikuwa umeanza kazi, ukiunganisha idara ya afya ya jimbo, mamlaka ya hali ya hewa na vyuo vikuu. Mitego iliongezwa nje ya jiji, kwenye sehemu kama Bendigo, Hamilton, Creswick, Dookie na Churchill, ili chavua ionekane inakotoka kabla haijafika mjini. Kila siku ya msimu maswali mawili huulizwa kwa pamoja: je, chavua ya nyasi itakuwa nyingi? Je, kutakuwa na dhoruba yenye upepo mkali wa kutangulia? Majibu yakiwa ndiyo yote mawili, eneo hupewa rangi nyekundu, na taarifa huenda kwa hospitali, magari ya wagonjwa, wafamasia, shule na simu za wananchi.

Siku nyingi nyekundu hupita bila maafa. Wapo wanaoona hilo ni kasoro, mimi sioni hivyo. Mganga wa zamu akiongeza wauguzi wawili na dhoruba isije na madhara, amepoteza kidogo. Asipoongeza na madhara yakaja, hatapata nafasi ya kurekebisha, kwa sababu pumu ya radi huleta wagonjwa wote ndani ya saa chache. Mtabiri anayeogopa kuitwa mwongo siku ya utulivu atanyamaza siku ya msiba.

Jambo jingine lililobainika baada ya msiba linatuhusu moja kwa moja. Wengi wa waliougua walikuwa hawajawahi kuambiwa wana pumu. Walichokuwa nacho ni mafua ya mzio kila machipuko, maradhi ambayo mtu hununua vidonge dukani na kuendelea na shughuli zake. Na miongoni mwa wagonjwa na waliofariki, wenye asili ya Asia, wakiwemo wahamiaji kutoka Bara Hindi, walikuwa wengi kupita sehemu yao katika idadi ya watu wa jiji. Utafiti uliofanywa Melbourne tangu miaka ya 1990 ulikwisha kuonyesha kwamba mizio huongezeka kwa wahamiaji wa Asia kadiri miaka yao Australia inavyoongezeka. Mtu anafika akiwa mzima, mwaka wa kwanza hana shida, wa pili hana, kisha machipuko fulani pua inaanza kumwasha naye anadhani ni mafua ya kawaida. Australia imepokea wakimbizi na wahamiaji wanaozungumza Kiswahili kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania. Kama una ndugu huko, mwambie habari hii. Kuwa mgeni hakumkingi mtu, na huenda taarifa za lugha ya Kiingereza zinazopita kwenye simu yake hazijamgusa kama zinamhusu. Ndugu zetu wa Ghuba nao wasijione mbali: mwanzoni mwa Desemba 2016, siku chache baada ya Melbourne, dhoruba za radi Kuwait zilifuatiwa na wimbi la wagonjwa wa pumu na vifo.

Kila nchi ina mmea wake, na mmea huamua utabiri. Japani ilipanda misitu mikubwa ya mwerezi wa sugi baada ya Vita Kuu ya Pili ili ipate mbao za kujenga upya. Miti ilikomaa, mbao za bei nafuu zikaja kutoka nje, na misitu ikabaki imesimama ikimwaga chavua kila Februari hadi Aprili. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2019 ulikuta karibu watu wanne katika kila kumi wana mzio huo. Huko watabiri huanza kazi miezi kabla: hupima jua na joto la kiangazi kilichotangulia, kisha huenda msituni Novemba na Desemba kuangalia vichipukizi vya maua dume. Mwaka 2023 serikali iliutangaza ugonjwa huo kuwa tatizo la jamii na kupanga kupunguza misitu ya sugi kwa asilimia 20 ndani ya miaka kumi. Huo ni uamuzi wa nchi iliyohesabu chavua muda mrefu hadi ikajua adui yake ni nani.

Kwetu adui hajulikani vizuri, na tunawasingizia wasiohusika. Oktoba Nairobi inapopambwa na zambarau ya mijakaranda, anayepiga chafya huunyooshea mti kidole. Lakini jakaranda huchavushwa na wadudu, chavua yake ni nzito na yenye kunata, na kwa kawaida haipeperuki mbali. Ua linalojionyesha mara nyingi halina hatia. Wa kuchunguzwa ni wale wasiotazamwa: nyasi za kando ya barabara zinazochanua wiki chache baada ya mvua, misaipresi ya uzio, mivinje ya ufukweni, magugu ya viwanja vilivyoachwa. Mahindi pia hutegemea upepo, na kila aliyepita shambani wakati wa mbelewele analijua vumbi lake la njano, ila chavua ya mahindi ni kubwa na huanguka karibu na shamba. Upo pia mti wa mathenge, uliopandwa Baringo, Kenya, miaka ya 1980 kuzuia jangwa ukageuka balaa kwa wafugaji, na ambao chavua yake inajulikana kuleta mzio katika nchi za Ghuba na India. Tena nchi zilizo karibu na ikweta hazina majira mamoja ya machipuko. Zina masika na vuli, na nyasi huchanua baada ya kila moja, kwa hiyo ratiba ya Ulaya au Australia haiwezi kutusaidia. Lazima tuhesabu wenyewe.

Gharama ya kuanza si ya kutisha. Inahitajika mitego michache juu ya mapaa, mafundi wa hadubini waliofunzwa, mamlaka za hali ya hewa ambazo tayari zipo Dodoma na Nairobi, na hospitali zilizo tayari kuandika tarehe na saa ya kila mgonjwa wa pumu anayefika. Zaidi ya yote inahitajika miaka mfululizo ya hesabu, maana utabiri bila kumbukumbu ni kubahatisha. Vyuo vyetu vikuu vina idara za botania na wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti. Kazi hii ingewafaa na ingetufaa sote, na inatakiwa ianze kabla ya dhoruba kutulazimisha.

Wewe msomaji unaweza kuanza leo. Ikiwa pua na macho yako yanasumbua misimu ileile kila mwaka, andika tarehe, mvua na upepo wa siku hizo. Ukisikia mluzi kifuani, hata mara moja moja, usiridhike na Piriton ya dukani, bali nenda kapimwe pumu. Na kama tayari unatumia inhela ya bluu, ile ya salbutamoli, peke yake, fahamu kwamba tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri tena watu wazima na vijana kutibiwa kwa dawa hiyo pekee. Inayokulinda ni ile yenye steroidi, inayotuliza uvimbe ndani ya njia ya hewa, na faida yake hujengeka kwa matumizi ya kufuatana. Mwulize daktari kuihusu. Na siku ya joto na upepo, nyasi zikiwa zimechanua na wingu la radi linakaribia, ingia ndani, funga madirisha, na usitoke hadi ule upepo wa mbele ya mvua uwe umepita.